Cai Lun, Baba wa Karatasi Aliyeona Mali Katika Taka

Katika jarida letu tumezoea kusoma maisha ya wapigania uhuru, malenga na wanariadha. Mwaka huu nimeomba nafasi niwasimulie maisha ya mtu ambaye matunda ya kazi yake mmeyashika mikononi wakati huu huu mnaposoma, ingawa wengi wetu jina lake hatulijui. Mtu huyo ni Cai Lun wa Uchina, aliyefariki mwaka wa 121, yaani zaidi ya miaka 1,900 iliyopita. Jina lake hutamkwa Tsai Lun, na vitabu vingine vya zamani huliandika Ts'ai Lun. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa karatasi.

Najua mtu atauliza, jamani, Uchina na Garissa wapi na wapi? Swali ni zuri. Ukitoka nje ya mji wetu, iwe kwa barabara ya Modogashe au ile ya Dadaab, utaona mifuko ya plastiki imenasa kwenye miiba ya migunga. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ikaweka faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne. Tangu hapo mifuko imepungua sana, lakini haijaisha, na ile ya zamani haiozi. Abti wangu, yaani mjomba, ni mfugaji. Siku moja alichinja mbuzi wake aliyekuwa akikonda huku akila, na tumboni mkatoka fundo la plastiki kubwa kama kichwa cha mtoto. Kwetu sisi mbuzi si nyama tu. Mbuzi ni karo, ni dawa, ni mahari. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za Cai Lun katika maktaba, sikuzisoma kama historia ya watu wa mbali. Nilizisoma kama mtu anayetafuta dawa.

Basi tuanze mwanzo.

Cai Lun alizaliwa Leiyang, kusini mwa Uchina, katika jimbo ambalo leo linaitwa Hunan. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya ukoo wa wafalme wa Han, na mji mkuu ulikuwa Luoyang. Mnamo mwaka wa 75 hivi aliingia katika jumba la mfalme kama towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa ili aruhusiwe kufanya kazi ndani kabisa, wanakoishi wake za mfalme na watoto wao. Maisha ya towashi hayakuwa mepesi. Hakuweza kupata mtoto wake wa kuzaa, na ukoo wake haukuwa na wa kuuendeleza. Lakini kwa upande mwingine towashi alikuwa karibu na sikio la mfalme, na aliye karibu na sikio la mfalme ana nguvu kuliko jemadari aliye mbali.

Cai Lun alikuwa mwerevu na mwenye bidii. Wanahistoria wa Uchina wameandika kwamba alikuwa mwangalifu katika kazi yake, na kwamba hakuogopa kumweleza mfalme makosa yake. Wameandika pia jambo moja lililonivutia sana. Siku zake za mapumziko, wenzake walipokuwa wakipokea wageni na kutafuta marafiki wakubwa, yeye alifunga mlango wake, akawakataa wageni, akaenda mashambani kukaa juani. Sijui ninyi mnaonaje, lakini mimi nadhani mtu anayekwenda mashambani peke yake huona mambo ambayo mtu wa jumbani hayaoni. Huona wakulima wanavyomenya magome ya miti, wanavyoloweka katani, na wanachokitupa.

Hata hivyo sitaki kumpaka Cai Lun mafuta. Maisha yake yalikuwa na doa, na doa hilo ndilo lililokuja kumuua. Mfalme Zhang alikuwa na malkia aliyeitwa Dou, ambaye hakujaaliwa mtoto. Mke mwingine wa mfalme, Bibi Song, alikuwa amezaa mwana, na mwana huyo ndiye aliyeteuliwa mrithi. Malkia Dou akaona wivu. Bibi Song na dada yake wakasingiziwa uchawi. Aliyepewa kazi ya kuwahoji ni Cai Lun, aliyekuwa bado kijana mwenye cheo kidogo. Mwaka wa 82 akina dada hao wawili walikunywa sumu wakafa, na yule mwana akavuliwa urithi. Kiti kikaenda kwa mtoto mwingine, ambaye mwaka wa 88 alikuja kuwa Mfalme He. Cai Lun akapandishwa cheo. Wahenga walinena kwamba malipo ni hapa hapa duniani, nanyi mtaona mbele kama walikosea.

Chini ya Mfalme He, Cai Lun alikuwa mmoja wa washauri wa karibu. Zaidi ya hayo alikabidhiwa karakana za jumba la mfalme, mahali palipotengenezwa panga, vyombo na samani. Mnamo mwaka wa 97 alisimamia utengenezaji wa silaha zilizosifiwa kwa ubora, hata mafundi wa baadaye wakazifanya mfano wa kuiga. Kwa maneno mengine, alikuwa meneja wa kiwanda. Alikuwa na mafundi, moto, vinu na maji. Alikuwa pia na tatizo mbele yake.

Tatizo lilikuwa la kuandikia. Wachina walikuwa wakiandika juu ya vipande vyembamba vya mianzi vilivyofungwa pamoja kwa uzi, au juu ya hariri. Hariri ilikuwa ghali. Mianzi ilikuwa rahisi, lakini nzito. Inasimuliwa kwamba mfalme wa kwanza wa Uchina, aliyetawala zaidi ya miaka 300 kabla ya siku za Cai Lun, alikuwa akijipimia kwa mizani nyaraka za kusoma kila siku, karibu kilo 30. Hebu fikirini kubeba kitabu cha historia cha kidato cha nne kilichoandikwa juu ya kuni!

Mwaka wa 105 Cai Lun alimpelekea Mfalme He taarifa juu ya njia yake ya kutengeneza karatasi. Malighafi yake ilikuwa vitu vinne: magome ya miti, nyuzi za katani, matambara, na nyavu kuukuu za wavuvi. Soma tena orodha hiyo polepole, ndugu msomaji. Hakuna dhahabu hapo, wala hariri. Matambara na nyavu mbovu ni taka. Magome na mabaki ya katani ni vitu vya kutupwa. Mfalme alimsifu, na kutoka hapo njia hiyo ikaenea nchini, hata watu wakaiita karatasi ile kwa jina lake, karatasi ya Bwana Cai.

Ni nini kilichofanyika ndani ya kinu? Nitaeleza kwa lugha nyepesi, maana hata wenzetu wa sayansi watakubali. Kila mmea una nyuzinyuzi ndogo ambazo wataalamu huziita selulosi. Nyuzi hizo zimeshikanishwa na kitu kama gundi ngumu kiitwacho lignini. Ukiloweka gome na kulichemsha kwa maji ya majivu, ile gundi hulegea. Ukilitwanga, nyuzi huachana na ncha zake huchanika kama ncha za kamba kuukuu. Halafu unazimwaga katika maji mengi, unazichota kwa chujio bapa, maji yanapita na nyuzi zinabaki juu zimelaliana huku na huko. Zinapokauka hushikana zenyewe kwa zenyewe, bila ya kuongezewa gundi. Hiyo ndiyo karatasi. Mashine kubwa za leo hufanya kazi hiyo hiyo, tofauti ni ukubwa na kasi.

Kwa watu wetu hili si jambo geni sana. Ayeeyo wangu, yaani nyanya, aliwahi kunieleza jinsi wanawake wa kuhamahama walivyomenya magome ya migunga, wakayalainisha hadi yakawa nyuzi, kisha wakasuka mikeka ya kufunikia nyumba zetu za asili. Hatua za kwanza ni zile zile za Cai Lun: kumenya, kulainisha, kutenganisha nyuzi. Wao walizisuka, yeye akazitwanga na kuzimwaga majini.

Sasa nafika mahali ambapo mimi mwenyewe nilishangaa. Kumbe karatasi ilikuwapo kabla ya Cai Lun! Mwaka wa 1986, huko Fangmatan katika jimbo la Gansu, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta kaburini kipande cha karatasi chenye mistari ya ramani, cha zaidi ya miaka 200 kabla ya taarifa ya mwaka wa 105. Na mapema katika miaka ya 1990, karibu na Dunhuang, palipokuwa kituo cha kale cha wapeleka barua, vilichimbuliwa vipande vya karatasi vilivyoandikwa majina ya dawa. Wataalamu wanaona kwamba karatasi hizo zilifungiwa dawa, na jina la dawa likaandikwa juu yake. Hata Malkia Deng, mke wa Mfalme He, alipotawazwa mwaka wa 102 alikataa zawadi za thamani kutoka majimboni, akaomba aletewe karatasi na wino tu.

Mnaona sasa? Karatasi nyingine za mwanzo kabisa tunazozijua hazikuwa vitabu. Zilikuwa vifungashio. Kabla karatasi haijashika kazi ya kuelimisha, ilikuwa tayari inafunga dawa ya mgonjwa, na juu yake kuna maandishi ya kumwambia mnunuzi kilichomo ndani. Pakiti ya unga iliyopigwa chapa, inayouzwa dukani Garissa leo, ni kilembwe cha vipande vile vya Dunhuang.

Je, Cai Lun basi alikuwa mwizi wa sifa za wengine? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni la. Kuna mtu anayegundua kitu kwa bahati, na kuna mtu anayekichukua, akakiboresha, akatafuta malighafi iliyo rahisi, akakifanya kiweze kutengenezwa na fundi yeyote katika kijiji chochote. Wa kwanza hatumjui jina. Wa pili ndiye aliyetufikishia. Karatasi iliyokuwa kitu cha nadra ikawa kitu cha kila mtu kwa sababu meneja wa karakana aliangalia rundo la taka akaliona ni ghala. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya kumstahili mtu heshima.

Mfalme He alifariki mwanzoni mwa mwaka wa 106. Malkia Deng akashika hatamu za utawala kwa niaba ya wafalme watoto. Alipenda elimu, naye alimwamini Cai Lun. Mwaka wa 114 Cai Lun alipewa cheo cha ubwana na eneo la Longting, pamoja na kodi ya nyumba 300. Akasimamia pia wasomi waliokuwa wakilinganisha na kusahihisha nakala za vitabu vya kale. Fikirini, yule towashi wa kutoka kusini sasa anaitwa Bwana, na vitabu vya taifa zima vinapita mikononi mwake.

Lakini ya kale hayakuwa dhahabu kwa Cai Lun. Mwaka wa 121 Malkia Deng alifariki, na mamlaka yakamwendea Mfalme An. Huyo Mfalme An alikuwa nani? Alikuwa mjukuu wa Bibi Song, yule aliyesingiziwa uchawi na kunywa sumu miaka 39 nyuma! Mfalme akaamuru Cai Lun aende mwenyewe mbele ya wakuu wa sheria akajibu juu ya kifo cha bibi yake. Cai Lun alijua maana yake. Akaoga, akavaa nguo zake nzuri kuliko zote, akanywa sumu, akafa. Aliyewahoji akina dada hadi wakanywa sumu, naye aliimaliza safari yake kwa kikombe hicho hicho, baada ya utumishi wa miaka 46 hivi.

Sikufurahi niliposoma mwisho huo, na wala sikuhuzunika kabisa. Bibi Song alikuwa mama ya mtu. Haki yake ilichelewa lakini ilifika. Hata hivyo kazi ya mikono ya Cai Lun haikuweza kufungwa gerezani wala kunyweshwa sumu. Wafalme wote niliowataja wamesahauliwa na watu wengi, ilhali mafundi wa karatasi wa Uchina walimheshimu Cai Lun kwa karne nyingi kama mlezi wa ufundi wao, na huko Longting kaburi lake hutembelewa mpaka leo. Towashi asiye na mtoto amepata wajukuu dunia nzima.

Baada ya kufa kwake karatasi ilisafiri. Wakati wa wafalme wa Tang, Wachina walishona vifuko vya karatasi vya kuhifadhi majani ya chai yasipoteze harufu. Wakati wa wafalme wa Song duka moja la sindano mjini Jinan, la ukoo wa Liu, lilikuwa na bamba la shaba la kupigia chapa lenye picha ya sungura mweupe na maneno ya kuwavuta wateja. Karatasi iliyopigwa chapa kwa bamba hilo inaaminika kuwa ndiyo iliyofungia sindano. Bamba lenyewe lingalipo katika jumba la makumbusho la taifa huko Beijing. Kwa hiyo tangazo la biashara juu ya mfuko si jambo la juzi.

Kuelekea magharibi, karatasi iliingia Samarkand katika karne ya nane, na mnamo mwaka wa 794 kulikuwa na kiwanda Baghdad, enzi za Harun al-Rashid. Waislamu waliitumia kwa vitabu vya dini, hesabu na tiba. Waliitumia na sokoni vilevile. Msafiri Mwajemi Nasir Khusraw alipofika Cairo katika karne ya 11 aliona wauzaji wa mboga na viungo wakiwafungia wateja bidhaa kwa karatasi, mteja asihitaji kuja na chombo chake. Neno letu karatasi limetoka katika Kiarabu, qirtas, neno ambalo limo hata katika Kurani Tukufu. Na Wasomali husema warqad, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya jani. Lugha zenyewe zinatukumbusha kwamba karatasi ni mtoto wa mmea.

Ilipofika Ulaya ilitengenezwa kwa matambara. Wasomaji walipoongezeka matambara yakawa haba. Mwaka wa 1800 Matthias Koops alitoa kitabu mjini London kilichopigwa chapa juu ya karatasi ya majani makavu ya nafaka. Halafu mwaka wa 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller akapata njia ya kusaga mbao, na tangu hapo dunia ikakimbilia misitu. Nasi Kenya tulifuata njia hiyo. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kando ya mto Nzoia, kilianza kazi mwaka wa 1974 kikitegemea miti ya kupandwa kama misindano. Kiliwapa watu wengi riziki. Kilipofungwa mwaka wa 2009 mji mzima ulitetemeka, kabla ya kuuzwa kwa mwenye mali mwingine mwaka wa 2016. Ukitegemea kiwanda kimoja na aina moja ya mti, kikipiga chafya wote mnaugua.

Sisi wa Kaskazini Mashariki hatuna misitu ya misindano. Lakini tuna mto Tana, na kando ya Tana kuna mashamba ya migomba. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa. Shina lake limejaa maji na nyuzi ndefu zenye nguvu. Msimu wa mvua, malisho yakiwa tele, mashina hayo huachwa yaoze. Msimu wa kiangazi mambo hubadilika, kwani wafugaji huwapa ng'ombe na mbuzi mashina hayo, na hapo sithubutu kumwambia mtu anyime mifugo chakula ili nitengeneze karatasi. Kwa hiyo yafaa tuchague wakati. Mvua ikinyesha, shina ni karatasi. Jua likiwaka, shina ni uhai wa mnyama.

Muhula wa pili sisi wanachama sita tulijaribu njia ya Cai Lun. Mkulima mmoja alitupa mashina ya bure. Tuliyakata vipande vya urefu wa kidole, tukavichemsha saa nne katika maji ya majivu yaliyochujwa, tukavisuuza mpaka maji yakawa meupe, tukavitwanga kinuni kwa zamu huku tukiimba. Tulitengeneza fremu ya mbao tukaiwamba wavu wa dirishani wa kuzuia mbu. Rojo tuliimwaga katika karai la maji, tukachota kwa fremu, tukabana kila ukurasa kati ya vitambaa chini ya mawe, tukaanika. Jua la Garissa mnalijua. Kabla ya adhuhuri karatasi ilikuwa imekauka.

Ilikuwa ya rangi ya kahawia, nene, yenye nyuzi zinazoonekana kwa macho. Tukaipaka uji mwepesi wa wanga ili wino usitapakae, kama walivyofanya Wachina na Waarabu wa kale. Wino wenyewe hatukununua. Tulitumia ule wa makaa yaliyosagwa na gundi ya mgunga, wino ambao watoto wa dugsi huandikia mbao zao. Muhuri tuliuchonga kwa soli ya ndara ya mpira iliyochakaa, tukapiga chapa ya picha ya ngamia. Tukakunja vifuko, tukampelekea mama mmoja mwenye kibanda sokoni. Akapimia wateja robo kilo za sukari, majani ya chai na tende, na hakuna kifuko kilichopasuka. Nyama mbichi vifuko vyetu haviwezi, maana vikilowa vinalegea. Kwa vitu vikavu vinatosha kabisa, na vikitupwa mbuzi akavila, hakuna fundo litakalobaki tumboni.

Sisemi kwamba vifuko vyetu vitafunga biashara ya plastiki. Kuchemsha kunataka kuni, na kuni kwetu ni mali adimu. Kuosha kunataka maji, na mbali na Tana maji ni machache. Kifuko kimoja cha mkono kinachukua muda mrefu kuliko mashine inavyotema elfu. Mambo haya yanataka akili zaidi. Kwa mfano, mti wa mathenge umevamia malisho yetu, na hauhitaji kubembelezwa ili ukatwe. Kuni zake zingeweza kuchemshia nyuzi za mgomba. India na Uchina viwanda vinatengeneza karatasi kutokana na makapi ya miwa na mabua ya nafaka, kwa hiyo mabaki ya shamba si mchezo wa wanafunzi tu. Katika darasa letu hili hili yumo atakayekuwa mhandisi. Mwingine atakuwa mwakilishi wa wadi mwenye kura ya bajeti, na yule anayekaa nyuma akichora ngamia huenda akachora chapa za vifuko.

Nimejifunza nini kwa Cai Lun? Nimejifunza kwamba cheo ni dhamana, na dhuluma iliyofanywa kwa kumfurahisha mkubwa haisahauliki. Nimejifunza pia kwamba mtu huweza kuiacha dunia ikiwa bora bila ya kuanza na kitu kipya. Aliyoyakuta yalikuwa magome, katani, matambara na nyavu mbovu. Yalikuwapo mbele ya macho ya kila mtu kwa miaka mingi. Yeye aliwakabidhi mafundi, akawapa kinu, akasimama nao mpaka ikatoka karatasi.

Wenzangu wa madarasa ya chini, fremu yetu imewekwa katika ofisi ya chama na karai liko karibu na bomba. Mvua za Machi zikianza, mashina yatakuwa yanalala mashambani bila mwenyewe. Anayetaka kujiunga nasi aje na mikono miwili tu. Wino umekaribia kukauka, na nafasi niliyopewa na mhariri imejaa. Tukijaaliwa uzima tutaonana toleo lijalo. Kwaherini.